Verbena za Wifi wa Juu

Kreszenz alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupogoa verbena, maua ya roshani yake, zimebaki vishina kama ndevu zilizonyolewa kwa kisu butu, barua ikafika: waamuzi wa mashindano ya maua wanakuja Alhamisi hii. Si katikati ya Agosti kama miaka yote.

Verbena iliyokatwa hutaka wiki tatu ichanue tena. Alhamisi ilikuwa keshokutwa, na kibao cha ushindi hakijabanduka mlangoni mwa nyumba ile miaka tisa.

Akainua macho. Roshani ya juu, kwa Notburga, dada wa mumewe, verbena zisizoguswa tangu Mei zilikuwa zimetambaa na kuteremka hadi kwake, zambarau na nyekundu, zikayafunika masanduku yake ya maua yaliyobaki uchi. Hizohizo Kreszenz aliziita nywele za mchawi, kila Jumapili, mbele ya kanisa zima. Na sasa Notburga alikuwa ameziinamia, mkasi mkononi.

"Wifi," Kreszenz aliita kwa sauti ya asali, "mkasi wa nini tena?"

"Si ulitaka mchawi anyolewe?"

"Haraka ya nini, mpenzi?"

"Mpenzi? Wewe unaumwa."

Ikabidi aseme habari ya barua. Notburga alicheka mpaka kuku wa jirani wakanyamaza.

"Kwa hiyo uchi wako usitirike kwa kanga yangu."

"Ndiyo, wifi."

"Basi sema madonge yangu ya unga yenye tunda la plamu yanayashinda yako."

Kreszenz aliyajua. Madonge yale yangeziba ufa wa ukuta.

"Ni... mazito ya kushibisha."

Mkasi ukalia hewani, kacha.

"Yanayashinda. Nimesema yanayashinda."

"Paza sauti. Mwoka mikate ng'ambo ya barabara hajakusikia."

Akapaza. Mwoka mikate akatoka mlangoni na unga wake kusikia vizuri zaidi, ikabidi Kreszenz arudie.

Alhamisi waamuzi walisimama barabarani shingo juu, wakaandika muda mrefu. Kibao kipya kilikuja na majina mawili, la Notburga likitangulia.

Wiki mbili baadaye, akimwagilia asubuhi, Kreszenz aliona tawi moja la juu limelala kwenye udongo wake. Akalivuta, likagoma. Limeshaota mizizi.

"Wifi, ua lako limehamia kwangu."

"Lilishe basi," sauti ikashuka. "Ila usililishe madonge yako."