Kinyozi Chini ya Gari la Mama Mkwe

Kinyozi hakuamini shukrani za mdomoni. Kwake yeye asante tupu ilikuwa kama kunyoa kwa wembe butu: mkono unapita, nywele zinabaki. Ndiyo maana kwa miezi miwili alitembea na asante kubwa kifuani, haina pa kutokea.

Asante yenyewe ilikuwa ya mama mkwe wake. Mama huyu alikuwa mkunga wa zahanati, mtu anayejua uchungu upi ni wa kweli na upi ni wa kudeka, na binti yake aliposhikwa ndiye aliyewapakia kwenye gari lake dogo na kuwafikisha hospitali kubwa kabla mambo hayajaharibika. Siku ile kazi ya kinyozi ilikuwa kushika mfuko wa nguo na kutozimia. Mfuko aliushika. Mtoto alizaliwa salama, mama yake akawa salama, na mkunga akahamia kwao kwa muda kumlea mzazi, huku akiendelea na zamu zake. Alimwogesha mjukuu, akapika, akafua, mchana akaingia kwenye gari akaenda kupokea watoto wa wengine. Kinyozi alimwangalia akashindwa ampe nini. Kitenge alishampa. Akampa cha pili. Mama akapokea kwa mikono miwili, akamwambia mwanangu, mimi nina mwili mmoja tu.

Basi Jumapili moja asubuhi, mama alipotoka kwa miguu na binti yake na mjukuu kwenda sokoni, kinyozi akapata wazo. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Juu ya shukrani ya kinyozi hawakusema kitu, pengine kwa sababu zama zao vinyozi hawakuwa na spana.

Lazima tulieleze gari kidogo, maana bila hilo hakuna kisa. Lilikuwa gari la bei ya chini, la mkono wa tatu, gia otomatiki. Siku mama alipolinunua, watu walimfariji kana kwamba amefiwa. Otomatiki za bei hiyo hazidumu, walimwambia. Giaboksi ikifa, bei ya nyingine ni gari zima, utafugia kuku humo. Miaka tisa baadaye majirani wawili walionunua magari ya aina ile ile walikuwa wanafugia kuku, na la mama lilikuwa linaitikia kama mwari. Siri ilikuwa fundi mmoja wa gereji ndogo nyuma ya soko. Majirani waliambiwa huko walikonunua kwamba mafuta ya giaboksi ni ya maisha, hayabadilishwi. Fundi yule aliposikia hivyo aliuliza, maisha ya nani? Yeye alimbadilishia mama mafuta ya gia kwa wakati, akamfundisha asitie rivasi gari likiwa bado linakwenda mbele, na gari likikataa kwenda asililazimishe. Mama aliyashika kama alivyoshika masomo ya ukunga.

Kinyozi hayo yote hakuyajua. Alijua tu kwamba injini hubadilishwa mafuta, na kwamba simuni kwake kulikuwa na video ya dakika nne. Alinunua mafuta ya injini, akaazima jeki, akachukua karai la kufulia la mkewe, akajilaza kwenye saruji ya ua. Chini ya gari akakuta boliti mbili zinazofanana kama mapacha. Kwenye video ilikuwa moja. Akachagua ile iliyokuwa karibu na pua yake.

Mafuta yakatoka mekundu, safi, yanang'aa. Kwenye video yalikuwa meusi tii. Mtu mwingine hapo angejiuliza. Kinyozi alifurahi. Alijisemea, mama huyu ni msafi mpaka tumboni mwa gari. Akafunga boliti, akainuka na mikono myekundu mpaka viwikoni, akafungua mfuniko wa injini, akamimina lita tatu na nusu za mafuta mapya juu ya yale ambayo hayakwenda popote. Karai akalificha nyuma ya tangi la maji, akanawa mikono akasahau viwiko. Alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Saa saba na nusu mama akatoka amevaa sare yake nyeupe, zamu inaanza saa nane. Kinyozi akawa ameshakaa kwenye usukani, akamwambia leo anampeleka yeye. Mpango ulikuwa amwambie njiani, kwa sauti ya mtu asiyetaka makuu, kwamba gari amelishughulikia kidogo. Akawasha. Akashusha gia kwenye D. Akakanyaga.

Injini ikapiga kelele, gari likakaa kimya. Akakanyaga zaidi. Gari halikusogea hata kwa adabu, nyuma ukaanza kutoka moshi mweupe, na kinyozi, kama wanaume wengi wakidharauliwa na mashine mbele ya mkwe, akaukandamiza mguu.

"Acha kusukuma," mama akasema.

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ya wodini, ile inayotiiwa na mwili kabla ya akili. Mguu wa kinyozi ukatoka wenyewe, mkono ukazima gari. Moshi ukatawanyika.

Mama akatoka, akampigia fundi simu palepale uani. Mama alikuwa mpole, lakini upole wake ulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa gari. Alimwambia fundi kwamba miaka tisa amemwamini, kwamba mwezi uliopita tu amembadilishia mafuta ya gia, yale mekundu, kwamba jana gari lilikuwa zima, na leo limekufa mlangoni na wajawazito wanamsubiri. Akamuuliza kama siku hizi kazi anaifanya yeye au anaifanya njaa yake.

Kinyozi alisikia neno moja tu katika yote hayo. Mekundu. Akageuza shingo polepole kulitazama tangi la maji.

Hapo ndipo angesema. Alifungua mdomo mara ya kwanza, mama akawa anapigia simu zahanati kuomba mwenzake amshikie zamu kwa saa moja. Akafungua mara ya pili, mama akaketi kwenye kigoda, akasema kwa sauti ya chini kwamba gari hilo likifa hana jingine, na goti lake halipandi basi, na huo ndio utakuwa mwisho wa kazi. Mdomo ukajifunga. Mtu uliyemnyang'anya miguu humwambii kirahisi kwamba ulikuwa unamshukuru.

Fundi alifika na pikipiki, mkoba mgongoni. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia iliyoloa grisi na maneno machache. Mama akamrudia yale ya simuni, mengine akayaongeza chumvi kwa kuwa sasa anamwona. Fundi hakujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole dada, akafungua mfuniko. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakitazama, akakifuta. Akachomoa cha giaboksi, kikatoka kikavu. Kisha macho yake yakatembea taratibu mpaka kwenye viwiko vya kinyozi, yakapumzika hapo.

Akamwomba kijana amsaidie kumulika chini.

Wakalala chali kwenye saruji, bega kwa bega. Kinyozi akawasha taa ya simu, na mwanga ukaangukia ile boliti, imekwaruzwa upya inameta kama jino la dhahabu. Pacha wake alikuwa na vumbi la miezi. Fundi akaigusa kwa kidole. Juu yao walisikia viatu vya mama vikienda na kurudi, na mama akimwambia binti yake mlangoni kwamba mafundi ndivyo walivyo, akishakuzoea anakuchezea.

Kinyozi akangoja aumbuliwe. Fundi akasogeza mdomo karibu.

"Huku chini nina kazi ya dakika tano," akanong'ona. "Wewe huna. Toka."

"Kazi gani?"

"Ya kukungoja."

Kinyozi akamtazama. Fundi alikuwa ameshafumba macho, mikono kifuani, kama mtu aliyejilaza kupunga upepo. Neno moja tu lingemtosha kujisafisha, na alikuwa analiacha limpite ili atakayelisema awe kinyozi mwenyewe. Kinyozi alishanyoa watu wengi na kusikia siri nyingi, lakini hakuwahi kuona mtu akimshikia mwenzake heshima hivyo, tena amelala kwenye matope ya mafuta.

Akatambaa akatoka. Akasimama mbele ya mama mkwe na mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa shule.

"Mama, si fundi. Ni mimi. Nilitaka kukubadilishia mafuta ya injini, nikamwaga ya giaboksi. Ya injini nikayaongeza juu ya mengine."

Mkewe mlangoni akampakata mtoto vizuri zaidi, kama mtu anayejiandaa kwa tetemeko.

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Nilitaka kukushukuru. Vitenge ulisema vinatosha."

Mama akauliza mafuta yako wapi. Kinyozi akamwongoza nyuma ya tangi. Mkunga akaliangalia karai la kufulia lililojaa wekundu, akalitazama muda mrefu, akasema kwamba katika maisha yake ya kazi amemwaga vingi vyekundu lakini hajawahi kulia kwa kimoja, na leo amekaribia. Halafu midomo yake ikacheza. Haikufika kicheko, ila njia ilikuwa ndiyo hiyo.

Hakumwambia kinyozi neno zaidi. Alirudi kwenye gari, akaishika boneti, akainama kadiri goti lilivyomruhusu. Kilichoonekana cha fundi ni miguu miwili na soli zilizoisha upande. Mama akaongea nayo.

"Ndugu yangu," akaiambia miguu, "nimekutukana bure. Nisamehe."

Miguu ikatulia kidogo.

"Dada," sauti ikajibu kutoka chini, "dakika tano zangu hazijaisha. Lakini nimekusikia."

Fundi alipotoka, maswali yalikuwa mawili. La kwanza, gari lilinguruma muda gani bila mafuta. Kinyozi akasema aliona kama mwaka. Mama akasema hesabu ya kumi na tano hivi, kisha alimzuia. Fundi akamgeukia mama akainamisha kichwa. Akaeleza kwamba mafuta ya gia hayamwagiki yote kwa boliti, kiasi kizuri hujificha ndani, na hicho ndicho kilichoilinda giaboksi kwa hesabu ya kumi na tano. Kwa hesabu ya mia kisingetosha. La pili, je, gari liliwashwa tena? Halikuwashwa. Basi tujaribu, akasema, ila siahidi.

Kinyozi akasema atakimbia gerejini kuleta mafuta ya gia. Fundi akafungua mkoba, akatoa galoni. Aliposikia simuni kwamba gari jana lilikuwa zima na leo limekataa ghafla, alijua kuna mtu amelikausha. Giaboksi iliyotunzwa haifi kwa kukurupuka. Alijua, akatukanwa, akaja, na mafuta akayabeba. Yale ya karaini akayakataa, yameshakula sabuni na vumbi.

Walipunguza mafuta ya injini mpaka yakarudi kwenye alama yake. Ya gia fundi akayatia kupitia tundu la kijiti, kwa mrija mwembamba, taratibu kama anayemlisha mgonjwa uji. Kinyozi alishika mrija kwa mikono miwili na hakuruhusu tone lipotee. Kisha fundi akamwambia mama akae yeye kwenye usukani, kwa kuwa gari linamjua.

Mama akawasha. Akakanyaga breki, akaipitisha gia kila mahali pake, akihesabu kidogo kila kituo, kama alivyofundishwa. Rivasi. Kati. D. Fundi akapima kwa kijiti injini ikinguruma, akaongeza kidogo, akapima tena. Uani wote waliyakodolea macho magurudumu. Hata mtoto aliacha kunyonya.

"Achia breki, dada. Usikanyage."

Sekunde ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna, na kinyozi akaona maisha yake yote akimbeba mama mkwe mgongoni kwenda zamu. Ya tatu gari likashtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa bega, likaanza kutambaa kuelekea getini. Mkewe akacheka mpaka mtoto akatikisika. Kinyozi akakaa chini palepale.

Mama akazunguka uani mara mbili, akasimama mbele yao, akashusha kioo. Akasema saa moja aliyoomba inakaribia kuisha. Halafu akamwita kinyozi kwa kidole.

"Ulichelewa kusema," akamwambia, "lakini ulisema mwenyewe. Hiyo asante nimeipokea. Lile karai mrudishie mkeo, analitafuta tangu tuliporudi sokoni."

Akapandisha kioo, akaenda zake. Walisikiliza gari likipanda mlima wa pale nje, gia ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia, laini, mpaka sauti ikapotea.

Kinyozi akamgeukia fundi. Alikuwa na mengi ya kusema, ila akasema tu atamnyoa bure maisha yake yote. Fundi akavua kofia. Kichwa kilikuwa kama yai.

"Maisha ya nani?" akauliza.

Kinyozi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kucheka. Alipoweza, akasema neno lile ambalo hakuwahi kuliamini, bila kitenge wala spana. Asante, mzee. Fundi akaitikia kwa kichwa, akaokota kipande cha mkaa, akachuchumaa akachora tumbo la gari kwenye saruji, injini huku, giaboksi huku, na boliti mbili.

"Haya," akasema. "Nionyeshe ipi ni ipi."

Kinyozi akapiga magoti. Akanyoosha kidole, akakirudisha, akauliza kwanza.