Mlinzi wa Bweni la Juu

Hebu niambie wewe unayesikiliza: umewahi kupewa dekio na ndoo ya dawa, ukaambiwa ukasafishe chumba alichougulia mumeo, tena ufanye haraka kwa sababu wageni wako njiani?

Esnath aliambiwa hivyo. Ilikuwa Jumatano, wiki ya mwisho ya mwezi wa tano, redio zimeshatangaza kwamba vyuo vinafunguliwa Juni mosi. Ukungu ulikuwa bado umelala kwetu Ibighi, na baridi ile ya Tukuyu ya kukaza vidole. Alikuwa ameinama anafagia majani mbele ya ofisi za chuo, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani. Godwin, mlezi wa wanafunzi, akaja akasimama umbali wa hatua kama sita, barakoa kidevuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Bweni la juu lote lipigwe deki. Na kile chumba cha mlinzi kisafishwe, tutaweka vitanda. Jumamosi wanaanza kuingia."

Esnath akangoja. Aliushika ufagio kwa mikono miwili kama mtu anayengoja ndoo ijae bombani. Lilibaki neno moja tu, pole, na Godwin hakulisema. Akageuka akaenda zake.

Sasa Godwin si mgeni, kwamba tuseme hajui. Ni mtoto wa Masukulu, hapahapa kwetu. Anajua kwamba kwetu mtu akikosa mazishi, hata kama alikuwa safarini, akirudi haanzi na habari nyingine. Anakwenda kwanza kwa mfiwa, anakaa chini kwenye mkeka, analia kidogo, na machozi yasipokuja anainamisha kichwa na kunyamaza. Ndipo anapewa maji ya kunywa, ndipo maneno mengine yanafunguka. Asipofanya hivyo, kila shikamoo anayokupa ni kama anakukanyaga mguu ulio na kidonda.

Na aliyekufa hakuwa mtu wa mbali. Nsajigwa, mume wa Esnath, alilinda chuo kile miaka kumi na tisa. Mwezi wa tatu chuo kilipofungwa kwa ajili ya korona, wanafunzi wakaondoka mbio, wengine wakaacha hata sufuria zikiwa na maharage ndani. Bweni la juu likafanywa mahali pa kuwaweka wasafiri waliovuka mpaka kule Kasumulu, wakae siku kumi na nne waangaliwe. Walinzi wenzake wawili wakaomba likizo. Nsajigwa akabaki. Yeye ndiye aliyewapelekea uji asubuhi na ndizi za kupika mchana, anaweka sahani mlangoni, anagonga, anarudi nyuma. Barakoa alikuwa nayo moja, ya kitambaa cha bluu. Esnath aliifua kila jioni na kuianika juu ya jiko.

Wiki ya Pasaka akaanza kukohoa. Akakataa kurudi nyumbani asije akamwambukiza mkewe. Akalala mlemle chumbani kwake, chini ya ngazi za bweni, Esnath akawa anamwachia chai ya tangawizi dirishani. Siku ya sita chai haikuchukuliwa.

Wakamzika kwao Lufingo mvua ikinyesha, watu kumi tu, kwa amri. Mzee wa kanisa, mwenye ukoo uliojaa kilima kizima, watu kumi. Hakuna aliyelala msibani. Wanawake walilia kila mmoja barazani kwake, ng'ambo ya migomba, sauti zikawa zinaitikiana ndani ya mvua. Godwin alituma ujumbe kwenye simu ya Lusungu, binti yao: chuo hakitafika, kinaepuka msongamano. Esnath hakulalamika. Alisema moyoni, ugonjwa ukipungua watakuja. Mwezi wa nne ukaisha, wa tano nao ukawa unakwisha.

Basi akakisafisha chumba. Akasugua ukuta mpaka rangi ikatoka, akasugua na kizingiti cha dirisha chenye alama ya duara la kikombe. Vijana wa fundi walikuwa wanamngoja nje na vitanda vitatu vya ghorofa. Alipotoka akapitia getini kwa Mwanaamina, mwuza chapati.

"Mama Lusungu, leo umenuna mpaka ukungu umekukimbia."

"Nimetoka kusafisha chumba chake."

Mwanaamina akaacha kusukuma unga. "Wamekutuma wewe?"

"Mimi. Wanaweka wanafunzi sita."

"Sita? Mle ambamo baba Lusungu akinyoosha miguu anagusa mlango?"

"Mle."

"Kumbe korona inakaa Lufingo tu, juu kilimani kwenye upepo. Chumbani haingii, imekatazwa." Akageuza chapati kwa hasira. "Ila mwenzangu nisikudanganye, mimi nataka wafungue. Miezi miwili chapati nakula mwenyewe, nguo hazinitoshi."

Esnath akacheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. "Kufungua wafungue. Lakini nitasema."

"Useme upate nini? Wakikufukuza, utafagia wapi?"

Esnath akaokota ndoo yake akaondoka.

Jumatatu ukumbi ukajaa, kila kiti kina mtu. Esnath akawekwa mbele na ndoo ya koki, aonyeshe namna ya kunawa. Godwin akashika kipaza sauti, akasifu maandalizi, akasifu sabuni, akasifu uongozi. Binti mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nimepangwa chumba cha chini ya ngazi, bweni la juu. Si ndiko walikokaa watu wa karantini? Hakuna aliyeumwa?"

"Hakuna," akasema Godwin. "Tumshukuru Mungu. Chuo chetu hakijapoteza hata mtu mmoja."

Mikono ya Esnath ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Akafunga koki. Maji yalipoacha kulia, ukumbi mzima ukamsikia.

"Kimepoteza. Anaitwa Nsajigwa, mlinzi. Aliugulia chumba hicho unachouliza, mwanangu, na alikufa humohumo. Nimekisafisha mimi, mkewe. Ni safi, ila kwa watu sita hakifai, hata korona isingekuwepo."

Godwin akashusha kipaza sauti.

"Mama, twende tukaongee ofisini. Kama ni rambirambi, chuo kitaangalia."

"Sitaki hizo rambirambi mtakazoangalia." Povu lilikuwa linadondoka sakafuni, na sauti yake haikupanda. "Wewe ni wa Masukulu, Godwin, umelelewa kama mimi. Nilitaka uje nyumbani, ukae chini, umlilie."