Tata Hakuvuka Kizingiti

Saa nane kasoro dakika kumi mchana, Celestine alikuwa ameshakaa kwa kona ya nyumba ya kakake Job, simu imeegemezwa kwa kikombe cha uji juu ya stuli, mguu wa kushoto ukigonga sakafu kama cherehani. Hiyo kona haikuchaguliwa ovyo. Wiki moja kabla, yeye na Nyanchama, mke wa Job, walipima netiwaki ya hiyo nyumba hatua kwa hatua. Kwa kona, picha safi. Katikati ya chumba, inasitasita. Kwa mlango, inaganda kabisa, na Nyanchama akabaki kwa skrini mdomo wazi kama samaki wa kukaangwa.

Ilikuwa intavyu ya kusomea sheria. Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa na nafasi ishirini za kulipiwa kila kitu, na kati ya maelfu walioomba, sitini tu ndio walikuwa wamebaki. Celestine Bitutu, msichana wa kuchapia watu karatasi kwa saiba, alikuwa kati ya hao sitini. Na ilikuwa leo au basi, kwa sababu fomu ilisema mwisho ni miaka ishirini na mbili, na yeye mwezi ujao anafikisha ishirini na tatu.

Alikuwa amejiandaa, usicheze. Katiba aliisoma kwa simu kati ya wateja mpaka skrini ikapasuka, akaendelea kuisoma kwa nyufa. Kila Alhamisi aliomba ruhusa, akaenda kukaa benchi ya nyuma mahakamani Kisii, akisikiliza kesi za watu asiowajua. Jioni Nyanchama ndiye alikuwa hakimu, mtoto mapajani, mwiko mkononi, akimkatakata hoja bila huruma. Nyanchama ni mtu wa Magwagwa, na watu wa kwao, anasema mwenyewe, huanza kubishana kabla ya kuota meno.

Mtu mmoja tu hakuwa anajua. Babake, Tata kwa lugha ya kwao. Mzee Ombati aliwahi kushindwa kesi ya ua wa mchongoma uliosogezwa mpakani mwa shamba, na wakili mmoja wa suti ya kijivu, na tangu hiyo siku akisikia neno wakili anatema mate kando. Karatasi ya hukumu aliiweka kwa sanduku lake la chuma, juu kabisa, ili kila akifungua akasirike upya. Sasa, hilo sanduku ndilo lenye vyeti vya watoto wote, na ufunguo unakaa shingoni mwake. Kuomba cheti ni lazima ueleze unakipeleka wapi. Celestine akaogopa kueleza. Akajipa moyo na nakala aliyoipigisha muhuri mjini, muhuri mkubwa mwekundu. Huku kwao Nyacheki karatasi ikishapigwa muhuri, nani tena anauliza swali?

Saa nane kamili wakatokea kwa skrini watu watatu. Mwenyekiti mwenye kipara, mama wa miwani nyekundu, na kijana wa kuandika. Wakasoma masharti kwa Kiingereza: usitoke mbele ya kamera, na mtu asiingie chumbani bila ruhusa yao. Halafu wakataka kuona cheti halisi cha kidato cha nne.

Celestine akainua ile nakala. Mama wa miwani akasogeza uso mpaka ukajaa skrini, akasema hiyo ni nakala. Celestine akasema ina muhuri. Mama akasema muhuri ameuona, sasa anangoja cheti. Wataendelea na maswali dakika ishirini, na kama cheti hakitaonekana kabla ya simu kukatwa, faili yake inafungwa.

Celestine akatupa jicho mlangoni. Kutoka hawezi. Kupiga simu hawezi, simu ndiyo hiyo. Lakini nje ya mlango Nyanchama alikuwa amesimama na masikio yake yote. Akafunga mtoto mgongoni, akateremka mbio kwenda kituo cha chai, mahali mzee alikuwa anangoja majani yake yapimwe.

Swali la kwanza likaenda vizuri. La pili pia. Katikati ya la tatu mvua ikaja, ile ya Kisii ya saa nane isiyobisha hodi, na nyumba ya Job haina dari. Mabati yakalia, Celestine akawa anajibu kwa sauti ya mhubiri wa krusedi. Akatetea haki ya mshtakiwa mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Dakika ya kumi na saba, akaona kivuli mlangoni.

Alikuwa Mzee Ombati. Gambuti zimejaa tope, koti linachuruzika, cheti kifuani ndani ya karatasi ya nailoni. Anahema. Mlango ulikuwa wazi, akafika, na pale pale akasimama. Gambuti zote mbili zikabaki nje ya kizingiti kama zimepigwa misumari.

Celestine alijua kwa nini. Kwa Abagusii, ndio Wakisii, baba haingii kwa nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndiyo chinsoni, ile heshima ya kati ya wazazi na watoto. Haya mabati ni mzee aliyanunua, lakini tangu Job aoe, miaka minne sasa, hajawahi kujua hata viti vya humo ni vya rangi gani. Na Nyanchama, ambaye angekipokea cheti na kukileta ndani, alikuwa bado anapanda mlima na mtoto mgongoni.

Mwenyekiti akauliza ni nani huyo. Celestine akasema ni babake, ameleta cheti. Mwenyekiti akatazama saa, akaacha Kiingereza.

"Mwambie mzee aingie. Tumeruhusu."

"Hawezi kuingia, mheshimiwa."

"Nimesema tumeruhusu."

"Nyinyi mmeruhusu, na asante. Lakini hiyo sheria si yenu."

Celestine akajiuliza kama ndiyo amejimaliza. Mama wa miwani akaegemea mbele, akauliza ni sheria gani, na Celestine akaieleza kwa maneno matatu manne.

"Imeandikwa wapi?" akauliza mama.

"Haijaandikwa, madam."

"Akiingia, nani atamshtaki?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini ananyeshewa?"

Hapo Celestine akasahau kuogopa. "Kwa sababu hii ni nyumba ya mke wa kakangu. Shamba ni la Tata, mabati ni yake, lakini hapa kwa mlango nguvu zake zinaisha, na anajua. Analowa kwa sababu ya haki ya mtu mwingine, na hakuna polisi amemsimamia. Nimekaa kortini Alhamisi nyingi, sijaona sheria inaheshimiwa hivi. Naomba kitu kimoja. Nibebe simu mpaka mlangoni. Mtaniona kila hatua, kwa hivyo sharti lenu halivunjiki. Na la kwetu halivunjiki."

Mwenyekiti akatazama wenzake. "Haya. Tembea."

Akainua simu kutoka kwa kikombe. Alijua vizuri kuna nini huko mlangoni. Hatua ya tatu, picha ikaanza kusitasita. Ya tano, akiwa mbele ya babake, mwenyekiti akaganda jicho moja limefungwa. Celestine akakichukua cheti, akakionyesha skrini iliyokufa. Sekunde moja. Mbili. Tano. Ndipo akakumbuka kwamba walipima ndani peke yake. Uwanjani hawakupima.

Akavuka kizingiti, akapita ukingo wa mabati, akasimama kwa mvua kando ya babake, simu juu kabisa.

Jicho la mwenyekiti likafunguka.

Wale watatu wakawaona baba na binti wameloa chapachapa, na cheti kati yao, kikavu ndani ya nailoni. Mama wa miwani akasoma namba yake kwa sauti, moja moja, kijana akaandika. Mzee Ombati akaona watu kwa simu, akavua kofia.

"Hamjambo. Mimi ndiye Ombati."

"Hatujambo, mzee," mwenyekiti akasema. "Sasa tokeni kwa mvua."

Simu ikakatwa. Wakarudi chini ya ukingo wa mabati, Celestine akingoja kugombezwa. Babake alikamua kofia polepole mpaka ikaisha maji.

"Nyanchama ameniambia ni ya sheria," akasema. "Na hapa mlangoni nimesikia mwenyewe." Akatazama huko chini, upande wa ule mpaka. "Ungekuwa wakili wangu ule mwaka, ule mchongoma ungekuwa umerudi pahali pake."

Wiki tatu baadaye barua ikaingia kwa simu saa tano asubuhi. Celestine aliisoma mara nne kabla ya kuamini ile namba: wa tatu kati ya ishirini. Saiba nzima ikapiga makofi, hata mteja aliyekuwa amekasirika kwa kungojeshwa. Akaichapisha, akafika nayo nyumbani, babake akaigeuza mbele na nyuma.

"Haina muhuri."

"Siku hizi zinakuja hivyo, Tata."

Mzee akatoa ufunguo shingoni, akafungua sanduku. Akatoa ile hukumu ya mpaka, akaipeleka chini kabisa, chini ya kadi za kliniki, na barua akailaza juu, pahali pa kwanza kuonekana.

"Wakili Bitutu," akasema taratibu, kama mtu anaonja chai moto. Na hakutema mate.