Kidole Gumba cha Mgeni

Ukoo ule ulikuwa wa watu warefu, tena warefu wa kuudhi. Wanaume wote walikuwa mafundi rangi, na dari walilipaka wamesimama sakafuni, kama wewe unavyofuta meza. Ngazi ya nini? Watu waliwaita Milingoti, na jina hilo walitembea nalo kifua mbele, ingawa vifua vyenyewe vilikuwa vimebonyea katikati.

Walikuwa na mtihani wao. Kila wakikutana, watoto walipangwa mstari mbele ya bibi. Unakunja ngumi, kidole gumba ndani. Ncha ya gumba ikichungulia upande wa pili, bibi anapaza sauti, "Wa kwetu!" na nyumba nzima inapiga makofi. Isipochungulia, utacheka na wenzako huku roho inakuuma. Kulikuwa na fundi mmoja ambaye binti yake alifeli mwaka hadi mwaka, hata wakambandika jina la Mgeni. "Mgeni siku mbili," bibi alimtania, "na huyu ya tatu imeshapita, mpeni jembe!" Wakacheka mpaka mbavu ziwaume. Mtoto naye alicheka, kisha akaenda uani kukivuta kidole chake. Baba yake alimwona, akadhani ni michezo ya kitoto tu.

Basi siku moja kaka yake fundi alikuwa anapaka ukuta, akashika mgongo, akasema kuna kitu kimechanika ndani. Akakaa juu ya ndoo. Rangi haijakauka, kaka hayupo. Miaka arobaini na moja, jamani! Baba yao naye aliondoka hivyohivyo. Wakati ule walisema kazi ya Mungu haina makosa. Safari hii wakanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Fundi hakulia. Alizika, akapokea pole, kesho yake akarudi kuumalizia ukuta ule ule. Alifika pale rola ya kaka yake ilipoishia, akapapita. Hakuhisi kitu. Alikula akiambiwa ale, na alimuuliza mkewe jambo moja mara tatu. Mwili mzima ulikuwa kama umepigwa ganzi.

Wiki ya tatu, daktari aliyeuchunguza mwili wa marehemu akamwita, na aje na mwanawe. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi. Kumpima fundi urefu ilibidi apande kibao. Siku nyingine fundi angemtania. Alikaa tu, anatazama mikono yake.

"Mwilini kuna kitu kinaitwa tishu unganishi," daktari alisema. "Ndiyo inayoshikilia kila kitu mahali pake: mifupa, ngozi, macho, mishipa. Kwenu nyinyi imezaliwa dhaifu, inavutika kupita kiasi. Huo urefu wenu, hivyo vidole, hicho kifua, vimetoka huko. Hivyo havina neno. Hatari ni mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Unatanuka polepole, wala huumwi, mpaka siku unapochanika. Kaka yako ndicho kilichomuua."

"Kwa hiyo hajarogwa?"

"Hajarogwa. Ni ya kurithi. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto nusu kwa nusu: aipate au asiipate."

"Inatibika?"

"Kuondoka haiondoki. Lakini tukiijua mapema kuna dawa, na mshipa hutengenezwa kabla haujachanika. Marehemu hakuna aliyemwambia. Haya, kunja ngumi. Gumba ndani."

Fundi akamkodolea macho. "Ati nini?"

"Kunja ngumi."

Akakunja. Ncha ikachungulia, ile ile aliyopigiwa makofi utotoni. Daktari akaandika. Fundi akaitazama kama kidole cha mtu mwingine.

"Sasa mtoto."

Hapo akahisi kitu, mara ya kwanza tangu mazishi. Hofu, hasa hofu. "Huyu hana!" alisema haraka. "Daktari, huyu hajawahi kufaulu. Kamuulize bibi yake. Huyu ni mgeni, sisi wenyewe ndio tunavyomwita."

Binti akamtazama baba yake, akainamisha kichwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka ule sketi ya shule ilishushwa upindo mara mbili, na baba mtu alifurahi akisema, huyo anaanza kupanda. Sasa baba huyohuyo alikuwa anaomba kimoyomoyo, Mungu wangu, kifupi, kiwe kifupi.

Mtoto akakunja ngumi taratibu. Gumba likatokeza upande wa pili, ukucha wote nje.

"Baba!" Aliruka kitini. "Baba, ona, kimetoka! Wala sijakivuta!"

Daktari akaweka kalamu chini. "Kidole peke yake hakitoshi kuamua," alisema kwa upole. "Tutawapiga picha ya moyo leo hii, nyote wawili."

Lakini mtoto hakumsikia. Alikuwa ameisogeza ngumi mpaka puani kwa baba yake, anangoja. Miaka yote ile alikuwa akilingoja neno hilo.

"Baba, sema basi."

Fundi akaitazama ile ngumi.

"Wa kwetu," akasema.

Na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumpigia makofi, mtoto akajipigia mwenyewe. Alipomaliza ndipo baba yake alipolia.