Mbwa Aliyeitwa Karibuni

Edina, nesi wa zahanati yetu hapa Mkumbi, alikuja kuniomba nimtunzie mbwa kwa sababu moja tu: alikuwa mgeni. Mwenyeji asingethubutu. Mwenyeji angekumbuka nilichosema Oktoba ile nje ya kanisa, watu wakitoka misani, kwamba kuanzia siku hiyo asinikanyagie mtu kiwanja changu. Nilikisema kwa sauti ya kazini. Miaka ishirini na sita nilikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika, na mpima asiyejua kupaza sauti haiwezi kazi hiyo.

Kisa chenyewe kilikuwa gari. Mwaka ule, tisini na tano, wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na gari lao lilipanda mpaka milangoni kwa watu likabeba kahawa bila mtu kujitwisha gunia. Ghala letu likabaki na panya, mimi nikabaki na ufunguo. Wa kwanza kupakia alikuwa Methodi. Methodi aliyenisimamia ndoa, Methodi aliyechimba kaburi la mke wangu Bonifasia kwa mikono yake. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba mgongo wake umezeeka na gari halina ubaya. Ndipo nikayatoa maneno yale, na nikawaambia wote, ili asijione kuwa ni yeye peke yake aliyeniuma.

Watu wa Mkumbi ni wasikivu mno. Hawakukanyaga. Novemba ikapita, mvua zikashuka, mahindi yakapandwa, na hakuna aliyepiga hodi kwangu. Nilikuwa nangoja waje kunibembeleza, nao walikuwa wanangoja nifute kauli. Ningeifutaje? Ni nani anayesimama tena nje ya kanisa akatangaza kwamba amechoka kula peke yake?

"Shikamoo, baba," akasema Edina. Alisimama katikati ya kiwanja, ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mbwa mwekundu, mwembamba, mwenye sikio moja lililolala.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Hapana, baba. Mimi na mume wangu Kilian tunakwenda likizo kwetu Liuli, ziwani, mpaka Epifania. Dereva wa lori amekataa mbwa. Nikauliza nani anaweza kumtunza, wakaniambia Mzee Nazari ana kiwanja kikubwa na hana wageni."

Hana wageni! Nilitaka kumfukuza pale pale. Lakini alikuwa amesimama kiwanjani kwangu, mtu mzima, mwenye miguu miwili, akizungumza, na mimi sikuwa nimezungumza na mtu tangu siku tatu nyuma. Nikamwambia akae. Akanipa karatasi ambamo ameandika kwa mwandiko wa zahanati: ale mara mbili, asipigwe, mchana aachwe azurure, saa kumi na mbili jioni aitwe kwa sauti, asipoitwa harudi.

"Mbwa wa kuja na cheti!" nikasema. "Anaitwaje?"

"Karibuni."

"Mimi niko kwangu, nikaribie wapi? Nauliza jina la mbwa."

Edina akacheka mpaka akafunika mdomo. "Ndilo jina lake, baba. Kilian alimwokota Mbinga mjini, mlangoni pa hoteli. Ukutani pameandikwa KARIBUNI kwa rangi, na yeye mdogo kalala chini ya maandishi."

Siku hizo kila aliyeweza kuchemsha chai alikuwa amefungua hoteli na kuandika KARIBUNI ukutani. Sikuona ubaya wa jina hilo mpaka jioni ya kwanza, nilipotoka na sufuria ya ugali na maji ya dagaa, nikasimama ukingoni mwa kiwanja, panapopita njia ya kutoka mashambani.

"Karibuni!" nikaita. "Karibuniii!"

Wanawake watatu waliokuwa wakipita na majembe begani walisimama ghafla. Wakanitazama, wakaitazama sufuria, wakatazamana. Kisha mmoja akainama kidogo akasema, "Asante, baba. Tumeshiba," kama anavyojibu mtu yeyote mwungwana akikaribishwa chakula akiwa njiani. Wakaondoka wakinong'ona. Mbwa akatokea kwenye migomba akitikisa mkia, na mimi nimesimama nimefura kwa aibu.

Kesho yake nikatafuta ujanja. Nilipiga mluzi, hakuja. Nikamwita Simba, hakuja. Nikalikata jina lenyewe, nikaita "Karibu! Karibu!" kwa sauti ndogo, naye nilikuwa nikimwona kule chini kwenye ngolo za jirani, shamba la mashimo mteremkoni, akinusa shimo moja baada ya jingine. Hakugeuza hata lile sikio zima. Edina na Kilian walikuwa wamemfundisha neno zima na mbwa yule hakutaka nusu. Siku ya tatu nikasusa kabisa, sikuita. Mvua ikanyesha, giza likaingia, na mbwa wa watu yuko nje. Nikakaa kitandani nikisikiliza bati, nikajisikia vibaya kuliko nilivyotegemea. Mwishowe nikatoka na kanga ya marehemu kichwani, nikapiga kelele mpaka akaja, amelowa, akatingisha maji yote juu ya miguu yangu.

Basi nikaita kila jioni. Na kila jioni wakanijibu. "Asante, baba!" "Asante, Mzee Nazari, endelea!" Mwanzoni nilikuwa nasaga meno. Baada ya wiki nikajikuta nanyoa ndevu saa kumi na moja. Sikujua nanyoa kwa ajili ya nani, maana mbwa hajali ndevu.

Mkesha wa Noeli, kabla jua halijazama, nilisikia nyayo nyuma yangu.

"Hodi."

Alikuwa Methodi. Amevaa shati la misa, amebeba kichane cha ndizi mbivu.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele, amina." Hiyo huwezi kumnyima mtu. "Kuna nini?"

"Nimesikia unakaribisha watu. Kila jioni, wanasema. Nikasema moyoni, kama amekaribisha wote, basi na mimi nimo."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ndiyo. Neno moja tu. Lakini nililiona gari lile likiwa limesimama nyuma ya shati lake, nikaona ghala tupu, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea kufanya.

"Namwita mbwa."

"Mbwa?"

"Mbwa wa nesi. Jina lake Karibuni."

Mbwa naye, kusikia jina, akaja mbio akamrukia Methodi magotini. Methodi akacheka kidogo, kisha uso ukamshuka. Akaziweka ndizi juu ya kinu kilichofudikizwa, taratibu, akafuta mikono kwenye suruali.

"Basi mpe mbwa," akasema, akaenda zake.

Noeli nilikula peke yangu. Ndizi zile sikuzigusa. Zilipata madoa, zikawa nyeusi, inzi wakazijua, na sikuwa na nguvu ya kuzila wala ya kuzitupa.

Habari ilienea kabla ya mwaka mpya. Mzee Nazari haiti watu, anaita mbwa. Jioni nilipotoka na kuita, wanawake walipita bila kugeuza shingo. Hakuna aliyesema asante. Watoto wa njiani waliitikia kwa kubweka. Nilisimama pale na sufuria yangu, nikagundua kwamba nilikuwa nimeliharibu hata neno lenyewe. Ningesimama katikati ya soko nikaita karibuni mpaka sauti ikauke, watu wangetafuta mbwa yuko wapi. Usiku huo nililia, nasema kweli, mtu mzima wa miaka sitini na moja, na mbwa akaja akaweka kichwa juu ya ndara zangu.

Wenyewe walirudi siku ya Epifania, weusi kwa jua la ziwani, wameniletea mfuko wa usipa mkavu, dagaa wa ziwa lao, unaonukia kutoka mbali. Mbwa alipomwona Edina alilia kama mtoto. Hakunitazama tena.

"Hakukusumbua, baba?"

Nilitaka kusema, mwacheni wiki moja zaidi. Nilitaka kusema, kusumbua ndiyo nini.

"Anakula sana," nikasema.

Wakampeleka kwao, kwenye nyumba za zahanati ng'ambo ya kijito. Mchana wote niliosha vitu visivyokuwa vichafu. Nikatupa zile ndizi nyeusi. Jioni nikakaanga usipa na vitunguu, nikasonga ugali, na nilipoupakua nikaona nimesonga wa watu wawili, kama nilivyozoea na yule mbwa. Saa kumi na mbili ikafika. Miguu ikanitoa nje yenyewe.

"Karibuni!" nikaita.

Wanawake wakapita na majembe yao.

"Karibuniii!"

Nyuma yao alikuwa anakuja Methodi, peke yake, akipanda taratibu kwa ajili ya mgongo. Hakunitazama. Alipofika usawa wangu akasema huku anatembea, "Mbwa wako yuko zahanati. Nimempita sasa hivi, wamemfunga mlangoni."

"Najua," nikasema.

Akapita hatua tatu, nne. Kisha akasimama, akageuka.

"Sasa unamwita nani?"

Nilifungua mdomo, na lile neno la kila siku likataka kutoka, jina la mbwa. Nikalimeza mwisho wake.

"Karibu," nikasema. "Karibu, Methodi."