Hodi Katika Nyumba ya Mtoni

Kompyuta ya marehemu baba niliiwekea mfumo wa Linux mwenyewe. Iliwaka vizuri, ila waifai haikuiona kabisa. Nikaitukana weee! Kumbe ilikosa draiva, ile programu ya kuendesha waifai. Nikaiunga na simu kwa waya, nikapakua draiva hiyo, kisha nikaizima kompyuta na kuiwasha tena.

Hapo ikaiona ruta ya baba, kile kisanduku cha waifai pale pale ukumbini, ikanidai neno la siri. Nani alijuaye, na baba kaenda nalo kaburini? Nikajaribu jina la mama, langu, hata la paka. Wapi!

Nikamkumbuka baba alivyokuwa akiturudisha mlangoni tukiingia bila hodi: “Piga hodi mara tatu! Usipojibiwa, ondoka.”

Nikaandika hodi mara tatu, bila nafasi. Ikashika.

Hakuna aliyeitikia “Karibu!” Nami sikuondoka.