Sauti Ndani ya Mzinga

Jumatatu moja ya Juni, 1975, Venanti wa Makere alipanda mtini na majani yanayofuka moshi, akavune asali. Alipofikia mzinga alimsikia Mchungaji Reverien akihubiri humo ndani. Reverien alikuwa gerezani Kigoma mwaka wa pili, kwa kuwatuma waumini wake wachome duka la Athuman, Athuman mwenyewe akiwa humo dukani.

"Mwakeye, mchungaji," Venanti alisalimu.

"Mwakeye. Punguza moshi, koo linawasha. Dada yako bado anapika?"

Dada yake, Immakulata, ndiye aliyesimama mahakamani akataja majina.

Jumapili waumini walijaa chini ya mti. Mchungaji akafundisha kwamba shahidi naye ana paa la nyasi. Wakaitikia amina.

Immakulata akamwendea Venanti. "Kaka, uangushe huo mzinga."

"Ninayo saba. Atahamia mwingine."

"Iangushe yote. Au unaweka asali ya matanga yangu?"

Akaiangusha yote. Nyuki walipaa wingu moja, wakazunguka kijiji, wakaingia kwenye paa la Immakulata, wakatulia.

Jioni Sylvesta, mkubwa wa waumini, alifika na wenzake na viberiti. Mchungaji akakohoa ndani ya nyasi. Wakavua kofia.

"Bwana asifiwe, mama," Sylvesta alisema. "Una bahati wewe. Baba hatuwezi kumchoma."

"Asifiwe. Futeni miguu, nimefagia."

Tangu siku hiyo ibada ikawa kwake. Jumapili ya tatu sauti ilimtaja Kasian, tabibu wa zahanati. Jumatatu Kasian aliungua na nyumba yake. Polisi waliuliza nani kaamuru, wakaoneshwa paa. Wakaenda gerezani kuhakikisha. Walimkuta mchungaji amefungiwa vizuri, hajafungua kinywa tangu Pasaka. Wakaandika hivyo, wakarudi zao.

Mvua za Novemba ziliangusha maua, nyuki wakaanza kupungua. Venanti alimwambia dada yake kile ajuacho kila mrina asali: nyuki wenye njaa huhama. Sylvesta naye alilijua hilo. Alipita kila asubuhi, akatazama paa, akaulizia afya ya baba.

Basi Immakulata akawa anakamua miwa, anamimina maji yake kwenye kigae, anakiweka darini. Jumapili moja sauti ilikuwa inakwaruza, haisikiki vizuri. Akaongeza miwa. Kufikia ibada iliyofuata ilikuwa imepona kabisa, ikamtaja Verediana, jirani yake, yule anayemwazimisha kinu.